Utunzaji wa ngozi asubuhi

Utunzaji wa ngozi asubuhi ni hatua chache ambazo mtu huzifuata kila siku baada ya kuamka ili kusafisha ngozi, hasa ya uso na shingo, kuihifadhia unyevu na kuikinga dhidi ya mionzi ya jua. Hatua za msingi ni tatu: kuosha, kulainisha na kukinga jua. Vipodozi vingine vinaweza kuongezwa, lakini hakuna kinachochukua nafasi ya hatua hizo.

Lengo lake ni ngozi yenye afya, ambayo huwa nyororo na kung'aa katika rangi yake ya asili, iwe nyeusi, ya maji ya kunde au nyeupe. Katika Afrika ya Mashariki jambo hilo lina uzito wa pekee kwa sababu mbili. Kwanza, eneo hilo linapitiwa na Ikweta, hivyo mionzi ya jua ni mikali karibu mwaka mzima. Pili, katika masoko mengi huuzwa krimu za kuchubua zinazoahidi "kung'arisha" ngozi ilhali kwa kweli huidhoofisha.

## Ngozi na ukuta wake

Ngozi ni kati ya viungo vikubwa kabisa vya mwili wa binadamu. Ina tabaka tatu: epidermisi iliyo juu, demisi iliyo katikati yenye mishipa ya damu, neva, vinyweleo na tezi, na chini yake tabaka la mafuta.

Sehemu ya nje kabisa ya epidermisi imeundwa na seli bapa zilizokufa, ambazo zimejaa protini iitwayo keratini. Kati ya seli hizo kuna mafuta ya aina mbalimbali, yakiwa pamoja na seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Wataalamu hufananisha muundo huo na ukuta wa matofali: seli ni matofali, nayo mafuta ni saruji inayoyashikanisha. Isipokuwa kwenye viganja na nyayo, ukuta huo ni mwembamba kuliko karatasi, lakini ndio unaozuia maji ya mwili yasipotee hewani na kemikali na vijidudu visiingie ndani.

Seli mpya huzaliwa upande wa chini wa epidermisi, hupanda polepole hadi juu, kisha hupukutika. Kwa mtu mzima kijana safari hiyo huchukua takriban mwezi mmoja, na muda huongezeka kadiri umri unavyosonga. Kwa sababu hiyo mabadiliko ya kweli ya ngozi huonekana baada ya wiki kadhaa. Kipodozi kinachobadilisha rangi ya uso ndani ya siku chache kinapaswa kutiliwa shaka.

Uso wa ngozi una asidi kidogo: kwa kawaida pH yake ni kati ya 4.5 na 5.5. Hali hiyo husaidia ukuta wa ngozi kujijenga na huzuia baadhi ya bakteria wasizaliane kupita kiasi.

## Maana ya ngozi kung'aa

Ngozi hung'aa kwa sababu ya namna inavyorudisha mwanga. Seli za juu zikiwa na maji ya kutosha hulala bapa, uso wa ngozi huwa laini, na mwanga huakisiwa kwa mpangilio. Ngozi ikikauka, kingo za seli huinuka na kuwa magamba madogo yanayotawanya mwanga kila upande. Matokeo yake ni ngozi iliyopauka, yenye sura ya kijivu, jambo linaloonekana zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Ndiyo maana mtu aliyepaka mafuta baada ya kuoga huonekana kung'aa mara moja: mafuta yamejaza nafasi kati ya magamba, wala rangi haikubadilika.

Rangi ya ngozi hutokana hasa na melanini, inayotengenezwa na seli ziitwazo melanosaiti. Idadi ya melanosaiti hailingani na weusi wa mtu: watu weusi na weupe wanazo kwa wingi unaokaribiana. Tofauti iko katika kiasi na aina ya melanini, na jinsi chembe zake zinavyosambaa ndani ya seli za epidermisi. Melanini hunyonya sehemu ya mionzi ya jua na hivyo kulinda viini vya seli. Kwa hiyo kung'aa na weupe ni mambo mawili tofauti, na kuondoa melanini ni kuondoa kinga.

## Hatua za msingi

### Kuosha

Usiku ngozi hutoa jasho na sebamu, yaani mafuta ya asili yanayotoka kwenye tezi zilizo kando ya vinyweleo. Kuosha uso asubuhi huondoa mafuta hayo, pamoja na mabaki ya vipodozi vilivyopakwa usiku.

Sabuni nyingi za kipande zina pH ya kati ya 9 na 10. Zikitumika usoni mara kwa mara huondoa sehemu ya "saruji" ya ukuta wa ngozi, na uso hubana na kukauka baada ya kuoshwa. Sabuni ya kufulia haifai kabisa kwa uso. Kinachofaa ni kisafishaji laini kisicho na manukato makali. Mtu mwenye ngozi kavu anaweza kunawa asubuhi kwa maji peke yake, mradi aliosha uso vizuri usiku.

Maji yawe ya vuguvugu au ya baridi, kwani maji ya moto huyeyusha mafuta ya ngozi. Uso husuguliwa taratibu kwa ncha za vidole, kisha hukaushwa kwa kubonyezwa na taulo safi badala ya kufutwa kwa nguvu. Dodoki na skrabu zenye chembe ngumu zinaweza kuichubua ngozi ya uso, na katika ngozi nyeusi mchubuko mdogo huweza kuacha doa jeusi linalodumu kwa miezi.

Wanaume wanaonyoa ndevu asubuhi hushauriwa kulowesha ndevu kwanza, kutumia krimu au povu la kunyolea, na kupitisha wembe kuelekea upande ambao ndevu zinaota. Kwa watu wenye nywele za kipilipili, ndevu zilizonyolewa karibu mno na ngozi hujikunja na kuingia ndani, zikasababisha vipele na makovu ya kidevuni na shingoni. Anayesumbuliwa sana na vipele hivyo anaweza kutumia mashine inayoacha ndevu fupi.

### Kulainisha

Losheni, krimu na mafuta ya kupaka hufanya kazi kwa njia tatu, na bidhaa nyingi huchanganya zaidi ya moja:

* Kuvuta maji: gliserini, urea na asidi ya hialuroni hushika maji ndani ya tabaka la juu.
* Kulainisha: mafuta ya mimea hujaza nafasi kati ya seli.
* Kufunika: mafuta ya mgando, yanayotokana na petroli, hutandaza utando unaozuia maji yasipotee. Robert Chesebrough wa Marekani alipata hataza ya mafuta hayo mwaka 1872 kwa jina la Vaseline, ambalo limekuwa "vaselini" katika lugha ya kila siku.

Kilainishi hufanya kazi vizuri zaidi kikipakwa ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, ndani ya dakika chache baada ya kunawa au kuoga. Mafuta ya mgando yenyewe hayaongezi maji, bali hufungia yale yaliyopo. Yakipakwa kwenye ngozi kavu faida yake hupungua.

Uchaguzi hutegemea aina ya ngozi. Ngozi kavu hunufaika na krimu nzito. Ngozi ya mafuta huhitaji losheni nyepesi, na kosa la kawaida ni kuinyima kilainishi kabisa huku ikioshwa kwa sabuni kali. Mwenye chunusi huepuka kupaka usoni mafuta mazito kama ya nazi, kwa kuwa yanaweza kuziba vitundu vya vinyweleo. Mwenye ngozi inayowasha kwa urahisi au mwenye ukurutu huchagua bidhaa zisizo na manukato.

Hali ya hewa nayo ina nafasi yake. Katika joto la unyevunyevu la pwani, losheni nyepesi huwatosha wengi. Katika nyanda za juu, hasa miezi ya baridi ya Juni na Julai, ngozi hukauka haraka na huhitaji krimu nzito zaidi.

### Kukinga jua

Hii ndiyo hatua yenye uzito mkubwa zaidi asubuhi, tena ndiyo inayorukwa na wengi. Mwanga wa jua una mionzi ya urujuanimno, iliyogunduliwa na Mjerumani Johann Wilhelm Ritter mwaka 1801. Inayofika ardhini ni ya aina mbili. Mionzi ya UVB huunguza ngozi na kuharibu DNA ya seli moja kwa moja. Mionzi ya UVA hupenya hadi kwenye demisi, ambako huharibu nyuzi za kolajeni na kuleta makunyanzi na mabaka. UVA hupita pia kwenye kioo cha kawaida cha dirisha, hivyo dereva au karani anayekaa dirishani huipata akiwa ndani.

Ukali wa mionzi hupimwa kwa fahirisi ya UV. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wajikinge fahirisi inapofikia 3 au zaidi. Karibu na Ikweta mara nyingi hupita 11 wakati wa adhuhuri. Mionzi huongezeka pia kwa takriban 10% kwa kila mita 1,000 za kupanda juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mji wenye hewa baridi kama Nairobi, ulio kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, hupata mionzi mikali ingawa joto lake ni dogo. Mawingu mepesi huruhusu sehemu kubwa ya mionzi kupita.

Uwezo wa losheni ya kukinga jua dhidi ya UVB huandikwa kwa kipimo cha SPF. Ikipakwa kwa kiasi kinachotakiwa, SPF 15 huzuia takriban 93% ya UVB, SPF 30 takriban 97%, na SPF 50 takriban 98%. Maneno "broad spectrum" kwenye chupa humaanisha kwamba bidhaa huzuia UVA pia. Kiasi kinachotumika kupima SPF maabara ni miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi, lakini watu wengi hupaka chini ya nusu ya hicho, na hivyo hupata kinga ndogo kuliko iliyoandikwa. Kipimo rahisi kwa uso na shingo ni mistari miwili ya losheni iliyominywa juu ya kidole cha shahada na cha kati, kutoka chini hadi ncha.

Losheni hupakwa mwisho, baada ya kilainishi na kabla ya vipodozi vya urembo, dakika 15 hivi kabla ya kutoka nje. Masikio, kisogo na mikono visisahaulike. Anayefanya kazi juani, kama mkulima, mvuvi, mchuuzi au dereva wa bodaboda, hupaka tena kila baada ya saa mbili na baada ya kutoka jasho jingi au kuoga baharini.

Losheni zenye oksidi ya zinki au dioksidi ya titani huweza kuacha weupe juu ya ngozi nyeusi. Zile zilizotiwa rangi kwa oksidi za chuma hupunguza tatizo hilo, tena huzuia sehemu ya mwanga unaoonekana kwa macho, ambao huchangia mabaka ya usoni kwa watu weusi.

Faida ya kupaka kila siku imepimwa. Katika mji wa Nambour, jimbo la Queensland nchini Australia, watu wazima zaidi ya 1,600 walifuatiliwa kuanzia mwaka 1992. Waliopangiwa kupaka kila siku walipata uvimbe wa kansa ya seli bapa za ngozi kwa kiwango cha chini kwa takriban 40% kuliko waliopaka kwa hiari yao. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha pia kwamba ngozi yao ilizeeka polepole zaidi. Washiriki wengi walikuwa weupe, hivyo takwimu hizo haziwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa watu weusi.

Losheni ya jua si bidhaa ya bei nafuu, wala si kinga pekee. Kofia yenye ukingo mpana, mwavuli, kanga, mikono mirefu na kivuli kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni hukinga vizuri na hudumu miaka. Watoto wachanga wenye umri chini ya miezi 6 hulindwa hasa kwa kivuli na nguo.

## Nyongeza

Baada ya hatua tatu kuzoeleka, wengine huongeza seramu moja kati ya kuosha na kulainisha. Vitamini C hupunguza madhara ya kemikali zinazozalishwa na mionzi ndani ya ngozi. Niasinamidi, aina ya vitamini B3, husaidia kuimarisha ukuta wa ngozi na kufifisha madoa. Dawa za jamii ya retinoidi kwa kawaida hupakwa usiku, na anayezitumia anahitaji kinga ya jua kuliko wengine.

Kila bidhaa mpya huanzishwa peke yake. Kwanza hujaribiwa sehemu ndogo ya ndani ya mkono kwa siku chache; kama hakuna muwasho wala wekundu, hupakwa usoni. Kuanza bidhaa tano kwa pamoja hufanya isijulikane ipi imeleta madhara.

## Watu wenye ualbino

Kwa watu wenye ualbino, kinga ya jua ya asubuhi ni suala la uhai. Ngozi yao ina melanini kidogo sana au haina kabisa, hivyo huungua mapema, na kansa ya ngozi huweza kuwapata wakiwa bado vijana. Kwao kofia, nguo ndefu na losheni ni mahitaji ya kila siku, tangu utotoni hadi uzeeni.

Katika mji wa Moshi nchini Tanzania, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992. Hapo ndipo ilipoanza kutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, kazi iliyoanzishwa na mfamasia Mhispania Mafalda Soto. Losheni hiyo hugawiwa bila malipo pamoja na mafunzo ya jinsi ya kuitumia.

## Desturi za pwani

Urembo wa ngozi una historia ndefu katika upwa wa Waswahili. Liwa, mti wenye harufu nzuri, husagwa juu ya jiwe kwa maji au marashi na kupakwa mwilini. Huko Zanzibar bibi arusi husingwa kwa singo, mchanganyiko wa maua na viungo vya kunukia. Visiwani Komoro wanawake hupaka usoni rojo la msandali. Desturi hizo huondoa seli zilizokufa na kuacha harufu nzuri, lakini singo ni ya siku maalumu: kusugua uso kila asubuhi huichosha ngozi. Mafuta ya nazi nayo hulainisha vizuri mwili, ila kinga yake dhidi ya jua ni ndogo mno kutegemewa.

## Vipodozi vya kuchubua

Krimu za kuchubua, na mchanganyiko unaojulikana Tanzania kama mkorogo, kwa kawaida huwa na kimoja au zaidi kati ya viambato vitatu:

* Zebaki huzuia utengenezaji wa melanini, lakini hupenya mwilini na kuweza kuharibu figo na neva, hata za mtoto aliye tumboni.
* Hidrokwinoni ikitumika muda mrefu bila usimamizi wa daktari huweza kuleta okronosisi, yaani weusi wa bluu-kijivu ambao ni vigumu kuondoa. Afrika Kusini iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990.
* Steroidi kali, kama klobetasoli, hufanya ngozi kuwa nyembamba, yenye michirizi, chunusi na vidonda visivyopona haraka.

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje vipodozi vyenye zaidi ya sehemu 1 ya zebaki katika sehemu milioni. Nchini Rwanda msako wa vipodozi vilivyokatazwa ulikazwa kuanzia mwishoni mwa mwaka 2018. Nchini Tanzania usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) mwaka 2019.

Dalili za bidhaa ya kutiliwa shaka ni kukosa orodha ya viambato, kukosa jina la mtengenezaji, au kuwa na maneno kama "mercury", "mercurio", "calomel" au "cinnabaris". Onyo la kutogusisha krimu na vito vya dhahabu au fedha nalo huashiria zebaki. Anayetaka kuacha krimu yenye steroidi baada ya kuitumia muda mrefu amwone daktari kwanza, kwa sababu kuacha ghafla huweza kuleta uvimbe na muwasho mkali.

## Dhana potofu

* *Ngozi nyeusi haihitaji kinga ya jua.* Melanini hupunguza hatari, lakini kinga yake hukadiriwa kuwa sawa na SPF ya takriban 13 tu. Mabaka, makunyanzi na kuungua huwapata watu weusi pia.
* *Limau huondoa madoa.* Maji ya limau na ndimu yana kemikali ambazo zikikutana na jua huunguza ngozi na kuacha weusi. Kuyapaka asubuhi ni hatari zaidi.
* *Dawa ya meno hukausha chunusi.* Huweza kuunguza ngozi na kuacha doa kubwa kuliko chunusi yenyewe.
* *Bidhaa nyingi au ghali ndizo bora.* Kinacholeta matokeo ni hatua chache zinazofuatwa kila siku.

## Wakati wa kumwona daktari

Chunusi zinazoacha makovu, mabaka yanayoenea, muwasho usiokoma kwa wiki kadhaa, kidonda kisichopona, au alama inayobadilika ukubwa, umbo au rangi, vyote huhitaji uchunguzi wa daktari. Kwa watu weusi melanoma hutokea mara nyingi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, sehemu ambazo jua si chanzo kikuu. Mwanamuziki Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, alikuwa na melanoma iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Kwa sababu hiyo ni vizuri kukagua pia nyayo na kucha wakati wa kuoga asubuhi.